Neno fupi moja, lugha mbili zisizo ndugu: lilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Bint Chikongola (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Mama yangu ni mama ntilie hapa Mtwara mjini, na mimi namsaidia tangu niko shule ya msingi. Mwaka 2021, baada ya Palma kushambuliwa, kuna watu walivuka Ruvuma wakaja huku. Na wale wa Palma hatupati shida, Kimakonde au Kiswahili mambo yanakwenda. Lakini siku moja alikuja binti wa kama miaka kumi na minne na mdogo wake wa kiume. Kwao Nampula. Kinywani wana Kimakua na Kireno tu, na mama hana hata kimoja.

Binti akaonyesha sufuria kwa kidole. Mama akampakulia wali maharage, sahani moja ya kula wawili. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema: "Tia." Mama akatia upawa mwingine. "Tia, tia," safari hii kwa sauti ya kuomba. Mama akatia tena. Mama ntilie ukimwambia tia, afanye nini zaidi? Mchuzi ukaanza kumwagika pembeni mwa sahani, binti akaiweka mezani akaangua kilio. Mkononi alikuwa na noti ya elfu moja, hana nyingine.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mteja wetu, aliwahi kuishi Pemba ile ya Msumbiji. "Anakuita shangazi," akamwambia mama. Kwa Kireno "tia" ni shangazi au mama mdogo, na huko mtoto humwita hivyo mwanamke mtu mzima yeyote kwa heshima. Mama akakaa kwenye kigoda, akamfuta yule mtoto machozi kwa pindo la kanga, akasema: "Mwambieni shangazi yake kasema wale, na hela airudishe."

Nataka visa kama hicho. Neno liwe fupi, silabi moja au mbili, na lugha ziwe hazina undugu. Kimakonde, Kimakua, Kimwera, Kiyao na Kiswahili ni watoto wa nyumba moja, hao tuwaache leo.

Duka la Kona, Lindi

Dada, umenikumbusha mbali. Tulipanga vyumba vya uani nyuma ya duka la familia ya Kigujarati, Lindi mjini. Jioni moja mjukuu wao wa miaka minne alisimama mlangoni akapiga kelele: "Dada! Dada!" Msichana pale uani nilikuwa peke yangu, nikaitika "Abee!", nikaacha vyombo, nikakimbia na povu mikononi. Nikamkuta amekumbatia miguu ya mzee mwenye ndevu nyeupe. Kwa Kigujarati "dada" ni babu mzaa baba.

Ukoo wote umepinduliwa. "Mama" kwao ni mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama. "Kaka" ni ndugu wa kiume wa baba. Yule mtoto akisema "mama kaja", mimi natazama mwanamke, kumbe ameingia mwanaume na mkoba.

Lililonishinda kabisa ni "nani". Walikuwa na simu ya mezani dukani, na siku moja wote wako ndani wanasali, simu ikalia. Nikainua. "Haloo, nani?" Upande wa pili bibi mmoja akachangamka: "Ha! Nani!" Nikadhani hajasikia. "Nani?" "Ha, ha, nani, nani!" na anacheka kwa furaha. Nikakata simu, nikijua ni mtu anatuchezea. Ikalia tena, nikakata tena. Usiku ndiyo nikaelezwa: "nani" ni bibi mzaa mama, na "ha" ni ndiyo. Yule bibi alidhani mjukuu wake ndiye anamwita kwenye simu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliumia sana, kwa sababu kumpigia mjukuu kutoka mbali enzi zile halikuwa jambo la kila siku. Baadaye alipokuja Lindi nilimwamkia na kumwomba radhi. Alinipa chevdo, vile vitafunio vyao, kwenye karatasi, akaniambia nimwite nani na mimi.

Mwana Kilwa

Mimi naleta "pera". Kwa Wareno ni tunda jingine kabisa, kwetu ni lile la mbegu nyingi ndani. Na "gereza" je? Ngome yetu ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza, na nasikia Kireno chake ni kanisa.

Bint Chikongola

Asante kaka, ila hayo tuliyachukua kwao. "Gereza" limetoka kwenye "igreja", kanisa, likahama maana njiani, kama "pera" lilivyohama tunda. "Meza", "leso" na "bendera" ni wa msafara huohuo. Mimi natafuta yale yaliyogongana bila kujuana.

Fundi Bomba

Basi pokea "ni". Nilikuwa kibarua wakati wa kutandika bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar, lile lililozinduliwa mwaka 2015. Mabomba ya inchi 36, kijana wa kawaida anapita ndani akiinama. Msimamizi wa kundi letu alikuwa Mchina, mtu mpole, hana Kiswahili zaidi ya "haraka" na "maji". Siku ya kwanza ananinyooshea kidole: "Ni." Nikasimama, nikasubiri amalizie. Ni nini? Ni nani? Ni kazi gani? Kimya. Akarudia: "Ni." Na mimi nasubiri. Jua la saa saba, wenzangu wameshika kamba za bomba, wote wananitazama.

"Ni" kwao ni wewe. Alikuwa ananiita mimi, hana zaidi ya hilo. Na kwetu ukianza na "ni" mara nyingi unajisema mwenyewe: nimekuja, nitabeba. Kwa hiyo yeye anasema wewe, sikio langu linasikia mimi. Tukishazoeana akanifundisha kulitamka: sauti inashuka chini kisha inapanda, kama unauliza kwa unyonge. Ukilipandisha tu bila kulishusha, linageuka tope. Nilijifunzia juu ya lundo la mchanga, saa ya chakula, na yeye ananikosoa kwa mkono, anauchora mstari hewani.

Shangani Mashariki

Hilohilo "ni" mimi nimelipata kwa Wanorwe. Walipokuwa wanatafuta gesi baharini, wengine walifikia tulipokuwa tunafanya kazi ya usafi. Mmoja alikuwa anahesabu taulo nami: kwao "ni" ni tisa. Na "ti" ni kumi. Mimi "ti" naijua kwenye nyeusi ti, basi.

Mjukuu wa Nachingwea

Hiki alinisimulia babu, Mungu amrehemu. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi kwetu Nachingwea kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975, na babu aliwapelekea mihogo na kuni. Siku moja wanangoja lori la unga. Mpiganaji mmoja mgeni, Kiswahili hana, akamkuta babu anatoka barabarani, akamuuliza: "Já?" Kwa Kireno ni kuuliza tayari, limeshafika? Babu alishalizoea hilo neno. Akajibu kwa Kiswahili chake: "Hajaja," yaani dereva.

Sasa sikilizeni hilo jibu kwa sikio la Mreno. Ja, ja. Tayari, tayari. Yule kijana akachukua gunia, akaenda barabarani, akasimama pale mpaka giza. Babu alipopita jioni akamkuta bado anatazama upande wa Masasi. Silabi ileile kwetu imekaa ndani ya kitenzi kusema bado, kwao inasimama peke yake kusema tayari. Wao wanaitamka laini zaidi kidogo, lakini kwa mtu mwenye njaa tofauti hiyo haisikiki. Babu alirudi nyumbani akamletea muhogo wa kuchoma, na wakawa marafiki.

Ndanda Juu

Na misheni kwetu Ndanda kulikuwa na bruda Mjerumani wa useremala, kila ukimuuliza kitu anajibu "ja", wanatamka "ya", maana yake ndiyo. Kwa maandishi tu, ukichanganya na hao wa Nachingwea, herufi hizo mbili zina ndiyo, tayari na bado.

Mpita Njia

Hamuoni kwamba huu ni ushahidi lugha zote zilikuwa moja tangu Babeli?

Mwalimu wa Newala

Ndugu yangu, kama zingekuwa zimeachana kutoka neno moja, maana zingebaki na uzi wa kuziunganisha. Wewe, tisa na "ni" yetu zina uzi gani? Nadhani jibu liko kinywani tu. Kiswahili kina irabu 5. Zipachike kwenye konsonanti zetu, silabi nyepesi unazopata ni mia moja na ushee. Kila lugha ina maelfu ya maneno na vijineno vya kusema, na vile vinavyotumika kutwa hupenda kuwa vifupi. Lazima vigongane. Kijapani nacho kina irabu 5 na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu, ndiyo maana hugongana nasi mno: "nani" kwao ni nini, na "ni" ni mbili. Mhispania akisema "sí" amekubali, wewe ukisema "si" umekataa.

Neno likiwa refu kama "bendera", na maana zikakaribiana, hapo uliza nani kamkopa nani. La silabi moja halithibitishi chochote.

"Mama" na "baba" yana habari yake. Mtoto mchanga huanza na sauti za midomo, m, b, p, na wazazi kila mahali huzidaka na kujipa wao. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha, alilieleza hilo vizuri. Lakini hakuna aliyepanga nani achukue ipi: nchini Georgia "mama" ni baba, na mama anaitwa "deda".

Bint Chikongola

Mwalimu, ahsante, hili la silabi nimemsomea mama naye ameelewa mara moja. Yuko hapa anachambua mchele. Anauliza: yule binti angetaka kweli kuongezewa, angesema nini?

Mjukuu wa Nachingwea

Mwambie mama, shikamoo. Angesema "mais", wanatamka "maish". Na akiona inatosha anasema "chega", wanatamka "shega".

Bint Chikongola

Marahaba, anasema. Halafu ameweka ungo chini. Mimi siku ile nilikuwa nachochea moto, sikusikia yote. Mama anasema binti alikuwa anarudia hilohilo, tia, shega, tia, shega. Naye akafurahi kwamba chakula chake kimemkolea mtoto wa watu, kipo shega, basi amtilie tena.