Tupeane uzoefu: kufyeka shamba la mlimani lililogeuka pori, bila kuvunja mgongo wala mfuko

MzeeWaSoni
Wakuu, salaam.

Tuko wengi humu tuliorithi mashamba milimani, tukaenda mjini kutafuta maisha, na sasa tukirudi tunakuta pori. La kwangu liko Lushoto, upande wa Soni. Mteremko mkali, mawe, matuta ya ngazi ya zamani yamebomoka; chini nyasi za motomoto, katikati vichaka vya lantana, juu matete yamepita kimo cha mlango. Trekta haligeuki hapo, na hata lingegeuka mimi nisingelipanda. Naomba tupeane uzoefu: nani kafyeka mahali kama hapa, kwa kutumia nini, na jioni aliweza kuinama avue viatu?

Naanza mimi. Kilichoniokolea pesa ni kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kufungua pori, na kulitunza lisirudi. Kufungua ni kazi ya panga na mikono. Ukiingiza mashine siku ya kwanza, inajivingirishia mitambaazi na kisu kinakutana na jiwe ambalo hukuliona. Niliwalipa vijana wa kijijini wafungue, mawe wakayapanga kwenye kingo za ngazi, kisha utunzaji nikabaki nao mwenyewe kwa mashine ya kufyekea ya begani. Nafyeka nyasi zikiwa bado chini ya goti. Zikifika kiunoni umerudi kwenye kazi ya panga, na bei ya panga.

La pili ni mkanda. Mashine nyingi zinakuja na mkanda mmoja wa kupitisha begani. Weka kando, tafuta ule wa mabega mawili wenye pedi ya nyonga, uurekebishe mpaka mashine ikining'inia yenyewe kisu kiwe sambamba na ardhi bila wewe kuinyanyua. Mikono ibaki na kazi ya kuelekeza tu.

La tatu, sipandi na kushuka. Naanza chini, nafyeka mstari mmoja kwa kukata mteremko, narudi nikitembea kwenye mstari huohuo uliokwisha safishwa, ndipo nahamia wa juu yake. Mguu unakanyaga mahali ninapopaona. Haya, leteni ya kwenu.

KibaruaMstaafu
Mzee wangu shikamoo. Mimi naongea upande wa pili, wa aliyeshika fyekeo kwa malipo.

Ugomvi mkubwa wa milimani ni kipimo. Kila mtu anajua ekari ni hatua 70 kwa 70. Sasa bosi anapima akishuka, kibarua anapima akipanda, na wote wamefika 70. Hatua ya kushuka ni ndefu, ya kupanda ni fupi, mkimaliza kazi mnafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Chukueni kamba. Ekari ni kama mita 64 kila upande, kamba haina bosi.

Halafu msilipe kwa siku. Lipa kwa ngwe (kipande kilichopimwa), na ngwe zikatwe kwa upana wa mteremko, siyo kwa urefu. Ukimpa mtu ngwe ya kutoka bondeni hadi kileleni, nusu ya nguvu yake inaishia kupanda. Na zile za lantana zisipewe bei moja na za nyasi tupu. Bosi akiweka bei moja kote, vijana wanamaliza za nyasi asubuhi, mchana simu hazipokelewi.

Kuhusu fyekeo: lile la dukani ni fupi, la kufyekea kiwanja cha shule (sote tumelibeba na jembe tukienda bweni, tunalijua). Mimi nilikuwa natoa ule mpini mdogo, namwambia fundi wa kuchomelea aunge bomba jembamba mpaka nikisimama wima ncha iguse nyasi pembeni ya mguu. Bega linachoka lakini kiuno kinabaki chako. Na tupa iwe mfukoni, noa pande zote mbili. Fyekeo butu halikati nyasi, linazilaza.

Dada_Gambuti
KibaruaMstaafu hapo kwa bosi anapima akishuka umenichekesha, baba yangu ndivyo alivyokuwa 😂

FundiKabureta
Nitagusa mashine maana ndizo zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa.

Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za kuchanganya petroli na oili. Oili yenyewe iwe ya injini za kuchanganya, siyo ya pikipiki. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake, na ndicho watu wasichosoma. Ikisema 25 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 40 za oili. Ikisema 50 kwa 1, ni mililita 20. Wateja wangu wanapima kwa kizibo cha chupa ya maji. Ukizidisha, plagi inaziba na moshi unakufukuza shambani. Ukipunguza, pistoni inakwama, na hiyo bei yake afadhali ungewalipa vijana. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, upime kama mtu mzima.

Msimu ukiisha usiache mchanganyiko ndani. Mwaga, washa mpaka izime yenyewe. Mchanganyiko ukilala miezi unagandia kwenye kabureta, halafu unaniletea ukisema mashine ni feki.

Vya kukatia: uzi wa nailoni ni kwa nyasi laini na kuzunguka mawe. Kisu cha meno matatu ni kwa matete na nyasi ngumu. Kile cha duara chenye meno mengi ni kwa vichaka vyenye shina. Watu wanaweka uzi kwenye lantana, wanamaliza rola nzima halafu lantana inawatazama. Na ile gia ya mbele karibu na kisu ina skrubu ya kutilia grisi. Ifungueni, haikuwekwa pambo.

La mwisho linahusu mlima. Mashine nyingi kisu kinazunguka kinyume cha saa ukikitazama kutoka juu, yaani mbele yako kinatoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo tembea kilima kikiwa kulia kwako, majani yaangukie kushoto, bondeni. Na upande wa mbele kulia wa kisu usiguse kisiki wala jiwe. Hapo ndipo mashine inapokurukia, na mteremkoni huna pa kurudi nyuma.

MzeeWaSoni
Fundi, hilo la kilima kuwa kulia nilikuwa nalifanya bila kujua sababu, nikidhani ni mazoea tu. Asante.

MamaMgeta
Mimi wa Uluguru, Mgeta. Huku tuna mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norwe, kwa hiyo majani kwetu ni chakula, na ndiyo njia yangu ya kufyeka bure.

Nilitangaza kanisani: anayetaka majani kwenye shamba langu aje akate, masharti mawili. Akate chini kabisa, na amalize kipande alichoanza kabla ya kwenda kingine. Wanaofuga ndani walikuja na mundu wao, wakapanda na kushuka na mizigo yao kichwani, sikutoa senti. Matete machanga waligombania. Kilichobaki ni magumu na vichaka, hivyo nililipia watu, lakini eneo lilikuwa limepungua sana. Wewe wa Lushoto nako wanafuga ndani, jaribu.

Angalizo kwa anayetaka kufungia mbuzi wake humo wamalize pori: lantana ni sumu. Mbuzi aliyeshiba vitu vingine huipita, lakini ukimfunga kwenye kamba fupi katikati ya lantana ana njaa, atakula. Jirani yangu alipata hilo. Mbuzi aliacha kula, macho na fizi zikawa njano, akawa anakimbia jua, ngozi ya pua na masikio ikaanza kubanduka. Mganga wa mifugo akasema ini limeshaharibika. Kwanza toa lantana, tena kwa kung'oa kisiki, maana ukikata tu inachipua matawi mengi zaidi. Mbuzi ndio wafuate.

MtuWaMuheza
Hamjataja upupu na mnajiita watu wa milimani.

Mimi shamba liko chini ya milima, njia ya kwenda Amani. Nilichukua vijana wawili mwezi wa kiangazi, pori limekauka, nikasema kazi itakuwa rahisi. Juu ya vichaka kulikuwa na mitambaazi yenye maganda ya kahawia yenye manyoya kama mahameli. Mmoja akapitisha mashine. Kisu kikayapasua yote kwa pamoja na upepo ulikuwa unatujia. Sijui niseme nini, ndugu zangu. Shingo, ndani ya kola, mikunjo ya mikono, kwenye mshipi wa suruali. Mmoja akavua shati, ndipo akajimaliza. Tukakimbilia mtoni tukajisugua, ikasambaa. Mama mmoja akatuletea majivu makavu, akatuambia acheni kusugua, jipakeni, yakunguteni polepole, rudieni. Ndipo ikatulia. Ile mashine nayo iliwasha kwa siku kadhaa kila aliyeigusa mkanda.

Upupu unakatwa wakati wa mvua, kabla haujaweka maganda, unafuata kamba yake mpaka shinani unakata hapo. Ukikuta maganda yameshakauka, achana na kipande hicho hadi masika.

Dada_Gambuti
Nimejikuna mpaka nimemaliza kusoma.

WundanyiJuu
Hamjambo kutoka Taita. Hapa kwetu ni slasha (fyekeo lenu) na panga, na milima ni ileile tu. Langu ni dogo: kabla ya kuwasha mashine, tembea hilo pori lote na fimbo ndefu, ukigonga. Unatafuta mashimo, mawe, waya wa zamani, na nyuki. Nyuki wa huku hawapendi mngurumo kabisa. Vijana waliokuwa wakinifanyia kazi walipita chini ya jiwe lenye mzinga, na mtu akiwa amejifunga ile mikanda ya mabega mawili hawezi kuitoa haraka. Nunueni yenye kifungo cha dharura, kile ambacho ukivuta mara moja mashine yote inaanguka. Na mjizoeze kukivuta mkiwa nyumbani.

Gambuti ni lazima kwa sababu ya nyoka, lakini zenye soli iliyoisha zinateleza kwenye umande. Mimi huanza jua likishakausha, namaliza kabla ya saa sita.

BosiWaGreda
Mnajitesa bure. Nunua dawa ya magugu, jaza bomba la mgongoni, ekari unaimaliza kabla ya chai. Wiki mbili kila kitu kimekauka. Hiyo ndiyo nafuu.

MzeeWaSoni
BosiWaGreda, tambarare nakubaliana na wewe kwa sehemu. Mteremkoni nina maswali mawili. Shamba langu chini lina chemchemi wanakochota watu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe, na hata bila sheria, mimi ndiye nitakayesalimiana na hao wachotaji. La pili, ukiua kila kitu pamoja na mizizi halafu masika ikaingia, udongo utanikuta nimekaa Soni unanipita kwenda Mombo.

BosiWaGreda
Sawa mzee, sikujua kuna chemchemi. Ila kwenye visiki vya lantana kupaka kwa brashi hukosei.

MjukuuWaMatombo
Naunga mkono mzee. Fyeka, usilime, mizizi ibaki imeshika. Huku kwetu Matombo, Uluguru, mwaka 1955 babu zetu waligomea matuta ya ngazi ya Mwingereza mpaka pakawa na ghasia, na wengi wanadhani ulikuwa ubishi tu. Kulikuwa na siasa, ndiyo, na kazi ya lazima haipendwi. Lakini pia zile ngazi zilifukua udongo mfu wa chini na kuufukia wenye rutuba, mahindi yakadumaa. Watu waliona kwa macho. Kwa hiyo kila nikisikia mtu analeta mashine ichonge mlima ili apate pa kufyekea vizuri, namwambia akaulize wazee kwanza. Nyasi ulizofyeka zilaze kwenye mistari kukata mteremko, zizuie maji. Usichome. Motomoto hasa unapenda moto, ukichoma unachipua kabla ya kila kitu kingine.

MzeeWaSoni
Hapo kwenye motomoto ndipo nilipokwama. Nafyeka, mvua moja unarudi na ncha zake kama sindano. Nani kaushinda bila kulima?

BwanaShambaMstaafu
Nguvu ya motomoto iko kwenye mizizi yake mirefu ya chini, ile myeupe yenye pingili. Kila ukifyeka chini kabisa unailazimisha itumie akiba, kwa hiyo usisubiri urefuke. Rudia mapema, mara kwa mara, katika msimu mmoja wa mvua. Halafu upe kivuli, maana hauvumilii kivuli. Panda fiwi, au viazi vitamu pale penye unyevu, au mukuna. Mukuna ndiyo inayoufunika haraka kuliko vyote, na inarutubisha udongo.

MtuWaMuheza
Samahani mzee, mukuna si ndiyo upupu?

BwanaShambaMstaafu
Ni ndugu yake. Ya kupanda maganda yake hayawashi.

MtuWaMuheza
Mimi ndugu yake pia simtaki.

MzeeWaSoni
😂 Mwacheni, ana haki. BwanaShamba, mbegu ya isiyowasha naipataje, na nipande mvua za vuli au nisubiri masika?

BwanaShambaMstaafu
Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu nawe, usiokote porini. Panda masika, mara tu baada ya kufyeka, mbegu mbili kila shimo, hatua moja kati ya shimo na shimo. Vuli ya huko ikikatika mapema motomoto utaiwahi mukuna. Ukiwa na miti ya matunda humo, ikate mitambaazi yake kila wiki isiipande.

MamaMgeta
Na hao wakata majani uwaambie kabla, wasije wakaipeleka yote kwa ng'ombe.