Miaka 13 gereji bila cheti, hivi VETA (mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi) inatuhusu na sisi wa mtaani au ni ya waliofeli form four tu?

FundiGia_Uyole
Wakuu habari za jioni, huku Mbeya baridi imekaza hatari mpaka grisi inagoma kutoka kwenye kopo. Mimi ni fundi wa magari makubwa, niko gereji moja upande wa Uyole. Nilianza kama mshika spana, miaka 2 nzima kazi yangu kuosha vyuma kwa dizeli, hata nati ya tairi siruhusiwi kugusa, sasa hivi mwaka wa 13 nashusha gia boksi ya Fuso na dogo mmoja tu wa kunishikia tochi.

Mwezi uliopita kampuni fulani (sitaitaja) walitaka makanika. Nikaenda, wakanipa roli inayotema gia ya 2, nimeiendesha mita kama 200 nikawaambia ringi ya gia imekwisha fungueni, wakafungua wakakuta kweli. Nikajua hapa nishapata. Dada wa ofisini akauliza cheti kiko wapi. Sina. Kazi akapewa kijana mwenye NVA level 2 (cheti cha ufundi stadi, ngazi ya pili), na wiki iliyofuata huyo kijana kaja gereji kwetu kuuliza ile ringi inakaa upande gani. Simlaumu, ni kijana mzuri tu na soda alininunulia.

Swali langu, hii VETA ilianzishwa kwa sheria gani na ilikusudiwa nani? Maana kwetu Rungwe ukisema mtoto anaenda veta watu wanakupa pole kama umefiwa.

Mtata_wa_Tunduma
Veta ni ya waliofeli mkuu kila mtu anajua, mtoto akipiga ziro ndo anapelekwa huko akajifunze kushona. Wewe una kazi unakula, cheti cha nini?

Babu_Kihesa
Kamwene vijana wangu. Mtata wewe nakujibu kwa upole maana ni kama mjukuu wangu, ila umepotosha.

Sheria ya kwanza ya mambo haya hapa kwetu ni ya mkoloni, ya mwaka 1940, ilikuwa ya uanagenzi. Hebu lisikilize neno lenyewe. Mwanagenzi hakuwa mtoto aliyefeli, alikuwa mtu yuko kazini chini ya fundi mkubwa na tajiri anajulikana. Yaani wewe wa Uyole na hiyo miaka yako 2 ya kuosha vyuma, wewe ndiye mwanagenzi mwenyewe, sema tu hakuna aliyekuandikisha. Miaka ya 50 ndo zikaja shule za ufundi, moja Moshi na nyingine hapa hapa kwetu Iringa, pale Ifunda, pale palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita ya pili. Wazee waliopita Ifunda ukiwakuta mpaka leo hawawezi kupita kwenye mlango uliokaa upande bila kusimama kuuangalia, nina jirani yangu mmoja alitoka msibani katikati ya sala akaomba bisibisi.

Tukapata uhuru, ikaja Elimu ya Kujitegemea 1967, halafu 1974 Bunge likatunga sheria ya mafunzo ya ufundi, shughuli ikawekwa chini ya wizara ya kazi. Wizara ya KAZI, sio ya elimu, mnaona wenyewe walikuwa wanafikiria nini. Enzi hizo ndo za trade test, yaani mtihani wa ufundi kwa vitendo, grade three, grade two, grade one. Nilifanya grade three mwaka 1979 nikiwa tayari kibarua karakana. Unapewa kipande cha chuma, tupa na kipimo, unakipiga tupa mpaka kiwe mraba kamili kiingie kwenye tundu ulilolikata mwenyewe kwenye bamba. Mwalimu hakuulizi umesoma wapi. Anakiingiza, analiinua bamba dirishani anafumba jicho moja. Mwanga ukipita pembeni, rudi mwakani. Mimi mwanga ulipita, nikarudi.

Kwahiyo huko tulikotoka mtihani ulikuwa unamfuata fundi kazini. Hili la kusema ni pa waliofeli limekuja baadaye, shule za sekondari zilipojaa na kila mzazi akataka mtoto avae tai.

Mhasibu_Makambako
Shikamoo babu, umeniua na huyo wa bisibisi 😂

Naongezea upande wa hela maana ndo ninaoujua. VETA yenyewe ilianzishwa na sheria namba 1 ya mwaka 1994, ukiitafuta saa hizi ni sura ya 82. Na kwenye madhumuni yake kuna kutosheleza mahitaji ya soko la ajira, kuwafikia na walio pembezoni, kukuza moyo wa kujiajiri na mafunzo yawepo kazini pia, sio darasani tu. Na hela yake inatoka wapi? Kwa waajiri. Ile SDL ninayolipa TRA (mamlaka ya mapato) kila mwezi nikiwa nimenuna ni tozo ya kuendeleza ujuzi, mwajiri anailipa yeye na haikatwi kwenye mshahara wa mtu, hapa wengi wanadanganywa. Iliwahi kufika asilimia 6 ya mishahara, ikashushwa 5, 4.5, 4 na mwaka 2023 ikawa 3.5. Zamani ukiwa na wafanyakazi 4 tu inakudaka, sasa ni kuanzia 10.

Sasa mkuu wa Uyole angalia kichekesho, kama hiyo kampuni iliyokukataa ina watu 10 na kuendelea inachangia kila mwezi hela ya kuwapa ujuzi watu kama wewe, na mlangoni wanakurudisha. Sehemu kubwa ya hiyo tozo haiendi veta lakini, theluthi moja ndo inaenda huko, nyingine inaingia hazina ya serikali. Hilo nalo lina kelele zake tuliache.

Mtata_wa_Tunduma
Sawa babu nimenyooka. Ila kwenda kukaa darasani miaka miwili na watoto, jamaa ana familia, watoto watakula ringi za gia?

Mwl_Karakana
Hapana haendi kukaa miaka. Mimi nafundisha ufundi huku nyanda za juu, chuo sikitaji. Kuna kitu kinaitwa urasimishaji ujuzi, ni kwa ajili ya waliojifunzia mtaani, fundi gari, mwashi, seremala, mpishi, hata mhudumu wa hoteli. Unaenda chuo cha VETA cha karibu, Mbeya kipo na Iringa kipo, unajaza fomu, unapimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, penye pengo unafundishwa hapo hapo, halafu unapewa cheti kwa kile unachokijua. Gia boksi hautafundishwa na mtu. Pengo la mafundi wa mtaani mara nyingi ni mawili, usalama na kusoma michoro. Juzi nimepima jamaa anafunga injini vizuri mpaka raha lakini yuko chini ya gari limeegemea jeki peke yake, hakuna stendi wala gogo, nikamwambia toka kwanza huko chini ndo tuongee.

Na kwa mwenye mdogo wake anayetaka kozi ndefu, ada ni elfu 60 kwa mwaka kutwa na laki na 20 bweni, vifaa vyako mwenyewe ovaroli na buti ndo vinauma. Upande huu kuna Makete pia, na FDC (vyuo vya maendeleo ya wananchi) kama Rungemba na Ulembwe msizisahau. Na tangu 2024 mkondo wa amali umeanza sekondari kwenye baadhi ya shule, mtoto anaanza ufundi form one kwa kuchagua. Labda huko Rungwe watapunguza kutoa pole.

FundiGia_Uyole
Ndaga fijo, aksanteni sana wote, babu shikamoo tena. Mwalimu umenigusa pale pa jeki, leo asubuhi nimetafuta magogo mawili ya mti nikayaweka chini ya chesisi kabla sijaingia, dogo akawa ananicheka.

Nimemwambia bosi kwamba jumatatu naomba ruhusa niende kujaza fomu. Nilidhani atafoka maana anajua nikipata cheti naweza kuondoka. Akanyamaza, akafuta mikono kwenye ovaroli muda mrefu kabisa, halafu akaniuliza hao watu wanapima na wazee? Kumbe naye ana miaka 31 kwenye hii kazi na hana karatasi hata moja.

Mwl_Karakana
Njoo naye. Mwambie asinyoe ndevu tumtambue 😀