Saa za kazi zinashuka kutoka 24 hadi 15 (Uingereza): nani anatoa ushauri wa uhakika?

MamaWawili: Wakuu, shikamooni. Nalea watoto wawili peke yangu, nimepanga nje ya London. Mwajiri ananipunguzia saa kutoka 24 kwa wiki hadi 15, kwa kima cha chini cha 2025/26, pauni 12.21 kwa saa, nalipwa kwa mwezi. Mkononi nitashuka kutoka kama pauni 1,200 hadi 790. Naambiwa chini ya saa 16 Tax Credits zote (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) zinakatwa. Ni kweli? Nimuulize nani?

Bin_Salim: Marahaba dada. Hiyo sheria ya saa 16 ilikuwa ya Working Tax Credit, na Tax Credits zilifungwa rasmi tarehe 5 Aprili 2025. Makala nyingi zinazozunguka WhatsApp ni za kabla ya hapo, kwa hiyo tazama tarehe kabla hujasoma. Sasa ni Universal Credit, msaada wa serikali uliochukua nafasi yake, na yenyewe inapima mshahara, haina mstari wa saa 16.

Hesabu ya mwaka wa fedha 2025/26: ukiwa na watoto na unasaidiwa kodi ya nyumba, pauni 411 za mwanzo za mshahara haziguswi. Kila pauni inayozidi hapo inakukata senti 55. Kwa 1,200 unakatwa 433.95, kwa 790 unakatwa 208.45. Maana yake umepoteza 410 kazini, Universal Credit inarudisha 225.50. Pengo la pauni 184.50 ni lako kulibeba.

Nuru_Leicester: Hesabu ni sawa, ila kuna mtego ambao ndio ungenitia wasiwasi zaidi: kikomo cha benefiti, yaani misaada ya serikali. Kwa 2025/26, mshahara wa mkononi ukiwa chini ya pauni 846 kwa mwezi, jumla ya benefiti, pamoja na Child Benefit (posho ya watoto), haivuki pauni 1,835 kwa mzazi nje ya London. Kodi yako ya nyumba ikiwa kubwa, kinachozidi kinakatwa. Ikiwa kila mwezi katika 12 iliyopita ulifikisha kiwango cha wakati huo, unapewa miezi 9 ya ahueni bila kikomo. Mtoto akipokea DLA (posho ya ulemavu), kikomo hakikuhusu.

Kwa hiyo mwombe mwajiri saa moja tu zaidi. Saa 16 kwa 12.21 zinatoa 846.56 kwa mwezi kabla ya makato, umevuka hizo 846 ikiwa hukatwi kitu.

Bin_Salim: Hapo umesema jambo kubwa. Lakini wanaolipwa kila wiki nne wasiige. Saa 16 kwa wiki nne ni pauni 781.44, na kompyuta ya Universal Credit inatazama kilichoingia ndani ya kipindi chako cha tathmini, yaani mwezi wanaokuhesabia malipo. Wao wanahitaji kama saa 17 na nusu. Pia mara moja kwa mwaka mishahara miwili huangukia kipindi kimoja, malipo ya Universal Credit yakaporomoka mwezi huo. Wekeni akiba.

MamaWawili: Asanteni sana. Niripoti vipi?

Nuru_Leicester: Mshahara wenyewe unaripotiwa na mwajiri kupitia HMRC (mamlaka ya kodi), ila mabadiliko ya saa yaripoti mwenyewe kwenye akaunti yako ya Universal Credit mtandaoni siku yanapoanza. Omba barua ya mwajiri inayosema yeye ndiye amepunguza. Anayejipunguzia bila sababu nzuri anaweza kuadhibiwa. Kila swali liandike kwenye jarida la akaunti (sehemu ya ujumbe) na upige picha ya jibu, usitegemee simu. Ukilipwa zaidi, hata kwa kosa la ofisi, wana haki ya kudai, na madeni ya zamani ya Tax Credits nayo wanayakata humohumo.

Ushauri wa bure: shirika la Citizens Advice, uende na slipu za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa nyumba na taarifa ya malipo ya mwisho. Kikokotoo cha benefiti kwenye tovuti ya Turn2us au entitledto kitumie kabla ya kwenda, ingiza mshahara mpya, si wa zamani. Uamuzi ukiwa na kasoro, omba uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa juu yake.

MamaWawili: Kesho naanza na mwajiri, hiyo saa ya 16.