Land Rover ya mradi, gereji sina, masika inakuja: turubai, makuti, kontena ama niipeleke Kakuyuni?

Barani88
Asalam aleikum wote, wakubwa shikamooni. Nina Land Rover Series III ile fupi, inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, petroli, iko katikati ya kazi. Chasisi nimeshachomelea ile boriti ya nyuma na vile vikono vya kubebea bodi, ikapigwa praima ya kijivu, bodi imerudi juu kwa bolti chache ili isogezeke tu, enjini iko mahali pake ila haijawashwa tangu gasketi ya hedi ibadilishwe. Imekaa kwa ua wa nyumba ya kupanga hapa Shela ya Malindi, bahari unaisikia, na mwenye nyumba anautaka ua wake mwisho wa Machi. Kazi itaendelea Septemba inshallah pesa ikipatikana, kwa hivyo hapo katikati kuna masika yote na kusi yote.

Njia ziko nne. Turubai lile la buluu, gari ikae kwa ploti ya rafiki Casuarina, hapa hapa ufuoni. Ama nijenge banda la makuti kwa ploti hiyo hiyo. Ama kontena la futi 20, kuna mtu anakodisha. Ama kuna ami yangu Kakuyuni, kule ndani mbali na bahari, ana banda la mabati halina kuta, alikuwa anaweka mahindi, amesema nilete tu. Hii gari naipenda na sitaki kuja kuchomelea tena kile nilichochomelea mwaka huu. Wenye uzoefu mniambie, kinachoua zaidi ni mvua ama ni hewa?

FundiMaweni
Hewa kakangu, tena hewa ya kusi. Mvua ni maji matamu, ikipiga juu ya bodi inaosha chumvi inaondoka nayo. Mahali mvua haifiki, kule chini ya sakafu, ndani ya chasisi, nyuma ya taa, chumvi inakaa palepale na kila siku inaongezwa nyingine juu yake. Na chumvi haingoji kunyeshewa, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inajivutia maji yenyewe, ndio maana masika chumvi ya jikoni inalowa ndani ya kopo. Pwani yetu usiku karibu wote uko juu ya hapo. Sasa fikiria chuma kimepakwa chumvi iliyolowa kuanzia Aprili mpaka Septemba.

Turubai futa kabisa. Ardhi inatoa mvuke, mvuke unapanda unakutana na plastiki, asubuhi ukifunua kote ni matone, halafu jua linapiga inakuwa chungu cha kuanikia kutu. Upepo nao unalipigapiga turubai, mchanga umeingia kati, rangi inasagwa mpaka bati. Nimeona magari yamefunikwa vizuri kabisa kwa turubai yamekwisha kuliko yale yaliyoachwa wazi, na si mara moja.

Ila swali langu kubwa ni hiyo praima. Ni ipoksi, ile ya kuchanganywa na dawa ya kukaza, ama ni ile ya kawaida ya kopo?

Barani88
Ya kawaida fundi.

FundiMaweni
Basi hiyo si kinga. Praima ya kawaida inapitisha maji, kazi yake ni kushikisha rangi tu. Hata ukiipeleka peponi, chuma kitaanza kushika kutu chini yake na hutaona mpaka ipasuke. Kabla hujachagua mahali, osha chasisi, ikauke siku nzima juani, upige rangi ya juu, hata nyeusi ya geti bora iwe ya mafuta. Na usioshe kwa maji ya kisima, visima vingi vya huku karibu na ufuo vina chumvi, tumia maji ya mfereji yale ya Baricho ama ya mvua.

KijanaGede
Mimi natetea makuti. Watu wanayadharau lakini ni paa la akili sana kwa hali yetu, yanapitisha hewa, joto halikai, na hayatoi jasho. Mabati usiku yanapoa, alfajiri yanadondosha maji juu ya gari hata kama haijanyesha, makuti hayana hiyo. Nguzo za boriti, makuti yashonwe mazito, uache pande zote wazi, jamaa zangu Gede pikapu yao iko chini ya banda hivyo miaka na bado inapendeza.

Ubaya wake nao niuseme. Panya. Wanakaa juu wakishuka wanakula waya. Vumbi la makuti linaingia kila tundu kwa hivyo ziba kabureta na ekzosi kwa kitambaa. Na moto, chini ya makuti hakuna kuchomelea wala kugrainda hata cheche moja, mnajua makuti yakishika yanavyokwenda, unaweza kuchoma mtaa mzima. Kama ungetaka kuendelea na kazi pole pole wakati wa kusi, hapo makuti hayakufai.

DadaSpea
Kontena nimeweka spea zangu ndani yake muda mrefu, naongea ninachokijua. Gari yako itaingia, Series fupi ni mita 3.6 urefu na 1.68 upana, ndani ya futi 20 una karibu mita 5.9 kwa 2.35. Lakini piga hesabu ya ubavuni, unabaki na kama sentimita 33 kila upande, mlango haufunguki vizuri, utatokea nyuma. Kufanya kazi humo ndani sahau.

Kontena lina jasho zaidi ya hayo mabati ya ami yako kwa sababu limefungwa. Mchana ni tanuri, usiku linapoa, maji yanatiririka ukutani. Mpaka ukate matundu mawili makubwa ya hewa, moja chini moja juu upande mwingine, na uweke wavu, na mwenye kontena la kukodisha hatakubali ulikate. Linaposhinda njia nyingine zote ni kuzuia wizi. Kabureta, altaneta, taa, redieta, hivyo vitu vinatembea. Ushauri wangu gari ikae kwenye hewa, vile vitu vidogo vya thamani vifungue uweke ndani ya nyumba, kila kimoja na mfuko wake na karatasi imeandikwa, bolti zake humo humo. Watu wengi huja dukani kwangu kununua bolti ambazo walikuwa nazo.

AmiMokowe
Vijana salaam. Sisi wa Lamu magari hayavuki kisiwani, tunayaacha bara Mokowe, kwa hivyo hii habari ya kuweka gari bila gereji ni maisha yetu ya kila siku. Nimeona Land Cruiser mbili za aina moja, za ndugu wawili, moja ikikaa karibu na jeti, pale gatini kwa boti, na nyingine ikikaa Hindi, ndani zaidi, kwa shemeji yao. Ya jeti ilikuwa na paa. Ya Hindi ilikuwa chini ya mwarobaini, paa hakuna. Ile ya jeti ndiyo iliyooza sakafu kwanza, na wala si kwa tofauti ndogo. Chumvi inayobebwa na upepo nyingi inadondoka karibu na bahari, ukiingia ndani hata kilomita chache hali inabadilika kabisa.

Kwa hivyo mwanangu usilinganishe paa na paa, linganisha umbali kutoka majini. Banda zuri Casuarina mbele ya upepo wa kusi ni kuitunza gari kwenye mdomo wa bahari. Kakuyuni.

MswahiliLeicester
Niwaongezee ya huku Uingereza maana huku ndio watu wanahifadhi magari ya zamani kila mwaka, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Mjue sababu kubwa ni ileile yetu, chumvi, tofauti ni kwamba huku wanaimwaga wenyewe barabarani ili barafu iyeyuke. Wasio na gereji wengine wananunua lile puto la plastiki linalofunika gari lote, lina feni inapuliza hewa saa 24. Ukitazama vizuri kinachookoa ni ile feni, plastiki ni ya kuzuia vumbi. Kwa stima ya kwetu ikikatika usiku kucha unabaki na turubai la bei mbaya.

Na kulanti, huku tunaweka maji yasigande enjini ikapasuka. Huko baridi hiyo hamna lakini weka vilevile, ina dawa ya kuzuia kutu ndani ya bloku, na bloku na hedi za Series ya petroli ni chuma tupu. Usiiache na maji ya mfereji peke yake miezi yote hiyo.

Barani88
Nawashukuru sana, nimeelewa jambo nililokuwa silioni, nilikuwa nahesabu paa tu. Sasa nimeegemea Kakuyuni lakini nina maswali. Kuna anayeniambia nipake chasisi oili chafu, kweli? Betri je? Na ami yuko tayari kuipandisha juu ya mawe.

FundiMaweni
Mawe hapana! Haya mawe yetu ya matumbawe ya kuchonga yanapasuka ghafla hayatoi hata mlio, na pale pana watoto. Stendi za chuma nne, kila moja juu ya ubao mnene maana ardhi ya masika inalainika, na uziweke chini ya ekseli, si chini ya chasisi uliyochomelea juzi.

Oili chafu wengi wanapaka na kweli inazuia maji kiasi, lakini ina asidi iliyotoka kwenye enjini, inalainisha raba za bushi, na ikidondoka inaingia kwenye ardhi ya ami yako ambayo analima. Tumia grisi ama oili mpya nzito, ingiza ndani ya chasisi kwa yale matundu ya kutolea maji, halafu hakikisha matundu yenyewe yako wazi, tope likiziba hapo maji yanalala ndani ya chasisi. Pale aluminiamu ya bodi inapokutana na chuma pia paka grisi, ule unga mweupe mnaouona pembeni mwa milango ni aluminiamu inaliwa kwa sababu imeshikana na chuma na kati yao kuna maji ya chumvi.

Betri itoe ukae nayo nyumbani, uichaji kila mwezi, ikishuka chini ya volti 12.4 ikaachwa hivyo inakufa. Petroli mwaga yote, na kabureta ikauke. Toa plagi, tia kijiko cha oili kila silinda, na kwa vile Series ina hendeli mwambie ami azungushe mizunguko michache kila wiki mbili. Isije ikawashwa dakika tano kila Jumapili, enjini haipati moto wa kutosha na maji yanabaki kwenye oili na ekzosi, kuzungusha kwa mkono ni bora mara mia.

KijanaGede
Na mimi nimekubali Kakuyuni, ila lile jasho la mabati. Tandika makuti chini ya bati, hata safu moja, gari isidondokewe. Na angalia juu pasiwe na mnazi wala mkanju, bibo likidondoka doa lake halitoki. Chini fyeka majani yote, umwage kokoto.

DadaSpea
Muda nao. Msingoje mwisho wa Machi, ile njia ya Sala Gate ya kwenda Kakuyuni yenyewe ni sawa lakini ukikata kuingia shambani mvua ikishaanza brekidauni, lile gari la kuvuta, haifiki. Na muulize ami shamba liko juu ama bondeni, tulioona mto Sabaki ulivyofurika mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 hatuwezi kuweka gari karibu na mto.

Barani88
Liko juu, nimempigia sasa hivi, anasema maji hayajawahi kufika bandani. Basi ni Kakuyuni, wiki ya pili ya Machi. Wiki hii naosha chasisi na kupiga rangi, praima isiende uchi. Stendi ninazo mbili tu.

FundiMaweni
Mbili nyingine ziko hapa kwangu, pita Maweni jioni uchukue, na hizo mbao pia ninazo. Uzirudishe Septemba.