Tupeane uzoefu: ulinzi wa Ohio State mliuonaje siku ya Texas?

Mkazi wa Morse Road (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Jana, tarehe 30 Agosti 2025, vijana wetu wa chuo kikuu cha Ohio State wameifunga timu ya chuo kikuu cha Texas 14–7 hapa Columbus kwenye mechi ya kufungua msimu wa futiboli ya Kimarekani. Texas walikuja wakiwa namba 1 kwenye kura za kabla ya msimu, sisi tulikuwa namba 3. Naomba leo tuweke pembeni habari za mashambulizi, tuongelee ulinzi tu. Kila mtu aseme alichokiona mwenyewe: aliangalilia wapi, nani alimvutia, na ni wapi moyo ulimwenda mbio.

Nianze mimi. Msimu uliopita ulinzi huu uliruhusu wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, na hakuna timu ya daraja la juu la vyuo iliyoruhusu chache zaidi. Tukachukua ubingwa. Halafu wachezaji 8 wa ulinzi walioanza wakaondoka, na wote 8 wakachaguliwa kwenye drafti ya NFL, yaani wakachukuliwa na timu za ligi ya kulipwa. Safu ya mbele ilikwenda yote: Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Tyleik Williams, Ty Hamilton. Nyuma yao akaondoka Cody Simon, na kule mwisho Denzel Burke, Jordan Hancock na Lathan Ransom. Kocha wa ulinzi, Jim Knowles, akahamia Penn State. Akaletwa Matt Patricia, mtu aliyezeeka kwenye NFL, na wengi mtaani kwetu hawakumtaka kwa sababu ya matokeo mabaya aliyoyapata alipokuwa kocha mkuu wa Detroit Lions.

Kwa hiyo niliiangalia mechi hii kwa wasiwasi wa kweli. Kilichonituliza ni yadi moja. Robo ya tatu Texas walifika yadi 1 kutoka mstari wa goli, dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho kati ya manne wanayopewa kusogeza mpira, sisi tukiongoza 7–0. Kwotabeki wao, yule mrusha pasi, Arch Manning, akajaribu kujipenyeza mwenyewe katikati, ukuta ukagoma. Mnakumbuka Januari, nusu fainali kule Arlington? Texas hao hao walikuwa na dauni ya kwanza yadi 1 kutoka golini. Wakakimbia pembeni wakarudishwa nyuma yadi 7, na kwenye dauni ya nne Sawyer akampokonya kwotabeki wao wa wakati huo, Quinn Ewers, mpira na kukimbia nao yadi 83. Ilikwisha 28–14. Jana Sawyer hayupo, Tuimoloau hayupo, kocha mwingine, na bado Texas hawakupita. Hapo nikaelewa kwamba kuna kitu kwenye programu hii kinachorithishwa. Na nadhani kina jina: Larry Johnson, mzee anayefundisha safu ya mbele hapa tangu 2014.

Karibuni.

Mama wa Lainibaka

Asante kaka kwa kuleta mada. Mimi ni mama, nimetoka Uvira, nikakaa kambi ya Nyarugusu, leo niko huku Columbus na watoto. Mchezo huu nilikuwa siujui kabisa. Nimeujua kwa sababu kijana wangu wa pili anacheza lainibaka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele, shuleni kwake, na mama ukikaa kwenye yale mabenchi ya chuma kila Ijumaa usiku unajifunza kwa lazima.

Kijana alinifundisha jambo moja ambalo limebadilisha namna ninavyoangalia. Aliniambia: mama, usifuate mpira, mpira unadanganya. Mwangalie gadi, yule jamaa mnene anayekaa pembeni ya senta, mtu anayeutoa mpira. Gadi akisukuma mbele, wanakimbia. Akirudi nyuma na kuinua mikono, wanarusha. Akivuta kwenda pembeni, mfuate huko huko. Ndivyo walimu wao wanavyowafundisha malainibaka, na ukijaribu kwenye televisheni utaona mechi nyingine kabisa.

Basi jana sikumwangalia Manning. Nilimwangalia Arvell Reese na Sonny Styles. Reese ni kijana wa hapa Ohio, amesoma Glenville kule Cleveland, na msimu huu ndio wa kwanza kwake kuwa mchezaji wa kuanza wa kudumu. Huyu mtoto anasoma gadi mapema sana. Nilikuwa ninamwona ameshaondoka kabla mwenye mpira hajaamua apite wapi. Styles naye zamani alikuwa seifti, beki wa mwisho, wakamsogeza mbele mwaka jana. Ana futi 6 na inchi 4 lakini bado anakimbia kama mtu wa nyuma, kwa hiyo pasi fupi ya katikati ambayo timu nyingi huipata bure, jana Texas waliilipia. Kaka yake Lorenzo naye yumo kwenye ulinzi huo huo. Nikafikiria mama yao, watoto wawili uwanja mmoja, siku moja. Mungu awalinde.

Kijana wangu baada ya mechi hakutaka hata chakula. Alichukua simu akarudia ile dauni ya nne mpaka nikamwambia alale.

Longhorn wa Houston

Salamu kwenu ndugu zangu wa Ohio, na hongereni. Mimi ni wa upande wa pili lakini naomba niseme bila kukwaruzana.

Nyinyi mna haki ya kufurahi, ila tazameni namba zote. Texas tulipata yadi 336, nyinyi 203. Kwa miguu tu tulipata 166. Timu inayokimbia hivyo ugenini, mbele ya watu zaidi ya laki moja, haijazidiwa kwenye safu ya mbele. Tulifika karibu na goli lenu zaidi ya mara moja. Kilichotuua ni dauni ya nne: tulijaribu 5, tukafaulu 1. Na Manning hakuwa na siku nzuri, pasi 17 kati ya 30, yadi 170. Kuna mipira aliirusha chini ya miguu ya watu walioachwa peke yao kabisa. Mkikutana na kwotabeki aliyetulia, hizo ni pointi.

Nilikuwa sebuleni na wenzangu, Wakenya na Watanzania tunaokutana kila Jumamosi. Ile ya yadi moja iliniuma. Tungempa mpira mkimbiaji, au tungetoa pasi ya pembeni, nani anajua. Lakini kujipenyeza katikati palipo na yule Kayden McDonald, mtu wa zaidi ya kilo 140, hapana. Hapo ndipo ukuta wenu ulipo mzito kuliko pote.

Mtazama Video

Mkuu wa Houston, nakuheshimu, na hoja ya yadi 166 ni ya kweli, nitairudia chini. Lakini kuhusu Manning sikubali kwamba ilikuwa tu siku mbaya. Nimeirudia mechi usiku wa jana na asubuhi hii, na kuna kitu nataka wadau wakiangalie.

Tazama mabeki wa nyuma sekunde mbili au tatu kabla mpira haujatolewa. Msimu uliopita chini ya Knowles ulikuwa unaona mipango mingi, ila Patricia jana aliwafanya wasimame kwa umbo moja karibu kila mara, kisha mpira ukitoka tu wanabadilika. Seifti wetu Caleb Downs anasimama kama anashuka kukaba karibu, halafu anarudi mbio nyuma. Mara nyingine anasimama mbali, halafu anashuka kumpokea mpokeaji wa katikati. Kwotabeki aliyeanza mechi chache anasoma picha moja kabla ya mpira, anapata picha nyingine akiwa nao mkononi. Anasita. Akisita nusu sekunde, mguu wa mbele haukanyagi vizuri, na mpira unakwenda chini. Zile pasi mnazosema alikosea mwenyewe, kadhaa zilianzia hapo. Pasi aliyoinasa beki wetu Jermaine Mathews itazameni vizuri: mpira ulichelewa na ulikuwa mfupi.

Ndiyo maana Downs ndiye mchezaji muhimu kuliko wote. Alitoka Alabama baada ya msimu wa 2023, na mtu wa aina yake hukupa uhuru wa kudanganya, kwa sababu hata akianzia mahali pasipo pake anafika kwa wakati. Mwisho wa mechi Texas wakihitaji yadi 5 kwenye dauni ya nne, Manning alimpata mpokeaji wao Jack Endries kwa pasi fupi. Downs akamfikia pale pale, akamwangusha kabla ya mstari. Mechi ikaisha hapo. Beki wa kawaida angefika hatua moja baadaye, na Texas wangeendelea.

Sasa hiyo 166. Inanitia shaka pia. Kwa kiasi fulani ilikuwa ni bei ya mpango wenyewe: ukiwaweka mabeki wawili nyuma ili pasi ndefu isikuue, unakubali kukimbiwa yadi nne, tano. Patricia alikubali bei hiyo hadi uwanja ulipokuwa mfupi, karibu na goli letu, ndipo akakaza. Kwa Texas ilifaa. Kwa timu yenye kwotabeki anayekimbia kwa miguu yake, sijui kama nitalala.

Kazini Uwanjani

Mimi siku za mechi nafanya kazi ndani ya uwanja, kwa hiyo vipande vya mechi naviona nikiwa napita na vingine navisikia tu. Nimekulia Kakuma, Kiswahili ndicho tulichokuwa tukichezea mpira na Wakongo na Warundi.

Niwaambie jambo ambalo televisheni haiwapi. Uwanja ule umejengwa 1922 na una umbo la kiatu cha farasi, kwa hiyo sauti inazunguka ndani. Mpinzani akifika dauni ya tatu watu wote wanasimama. Ukiwa kwenye ngazi za chini unahisi zege linatikisika. Kwotabeki anapiga kelele, mtu wake aliye hatua mbili hasikii, basi wanatumia ishara za mikono na kupiga makofi, na wale wa safu ya mbele ya wapinzani wanachelewa kuinuka kidogo kuliko wetu. Kuchelewa huko ndiko Caden Curry wa safu yetu ya mbele anakokutafuta. Jana nilimwona kwa macho yangu akiwa ameshapita bega la mtu huku mtu mwenyewe ndiyo kwanza anainuka.

Ile dauni ya nne ya golini sikuiona. Nilikuwa kwenye korido na mzigo. Niliijua kwa kishindo. Watu niliokuwa nao, hakuna aliyeuliza kimetokea nini.

Kijana wa Tabata

Wakubwa shikamooni. Mimi niko Dar, nafuatilia Ohio State kwa sababu binamu yangu anasoma hapo. Mechi ilianza saa moja usiku kwetu, muda mzuri kabisa, nimekula nikatulia.

Nilisoma maoni ya watu wa huko wakilalamika kuwa 14–7 ni mechi kavu. Sisi tuliokulia Simba na Yanga hatuwezi kuiona hivyo. Hizo ni tachidauni mbili kwa moja, sawa na mabao mawili kwa moja, na dakika za mwisho mgeni yuko langoni kwako anatafuta la kusawazisha. Mimi nilikuwa nimesimama.

Swali langu kwa wakongwe: lile la Texas, pasi ya yadi 32 kwa Parker Livingstone zikiwa zimebaki dakika tatu na ushee, kosa la nani? Hadi hapo hatukuwa tumeruhusu kitu.

Mtazama Video

Marahaba. Ukiongoza 14–0 na muda unakaribia kwisha, unawaachia pasi fupi ili saa iende. Shida ni kwamba ile haikuwa fupi. Beki alikuwa karibu lakini hakugeuza kichwa kuutafuta mpira. Kosa la kawaida kwa ulinzi uliokaa uwanjani muda mrefu. Mashambulizi yetu yalikuwa yanatoka haraka, wao wanarudi bila kupumua. Mimi hilo siwalaumu sana mabeki.

Longhorn wa Houston

Hoja yako ya Downs naikubali. Nimerudi kutazama ile ya Endries, na kweli anaanza mbali sana. Nimemtumia mwenzangu mmoja anayefundisha watoto huku.

Mkazi wa Morse Road (mwanzisha mada)

Nashukuru wote, na mama yetu hasa, hilo la gadi nitalijaribu wiki ijayo.

Jumamosi hii, tarehe 6 Septemba, ni Grambling State, na kwa heshima zote kwao hatutapata majibu makubwa hapo. Naomba tutumie mechi hiyo kuangalia wachezaji wa akiba wa safu ya mbele, maana McDonald na Eddrick Houston hawawezi kucheza kila mpira hadi Novemba. Jibu la swali la mkimbio litaanza tarehe 27 Septemba kule Seattle dhidi ya Washington, kwa sababu kwotabeki wao, Demond Williams, ana miguu hasa. Halafu tarehe 1 Novemba Penn State wanakuja hapa na Knowles akiwa benchi lao. Anawajua Downs na Styles kuliko kocha yeyote tutakayekutana naye.

Walio Seattle au karibu, mkipata tiketi semeni hapa. Tunataka mtu wa kutuangalilia mabeki wa nyuma kutoka juu, kamera haiwaonyeshi.