Msimu wa korosho umeniondolea usingizi. Hii meditesheni ya kusikiliza pumzi inasaidia kweli?

KaraniTandahimba

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku Tandahimba. Napima korosho, naandika uzito na kufuatilia malipo ya wakulima. Anayeijua kazi hii anajua kuwa minada ikifunguliwa mwezi wa kumi, karani hana chake. Korosho zinapimwa kwetu, zinapelekwa ghala kuu, zinasubiri mnada, mnunuzi analipa, ndipo fedha iingie kwenye akaunti ya mkulima. Katika safari yote hiyo mkulima hamjui mnunuzi wala mwenye ghala. Anayemjua ni mimi, na nyumbani kwangu anapajua.

Wanafika alfajiri kabla sijanawa uso. Huyu ana mgonjwa amelazwa Ndanda, yule anadaiwa salfa, dawa ya mikorosho, aliyopulizia tangu mwezi wa sita. Fedha zao sina, jibu nililonalo ni "bado", na nalirudia mpaka magharibi. Usiku nikifumba macho naona namba za mizani. Saa tisa nashtuka moyo unadunda, nikidhani nimemwandikia mtu kilo pungufu. Tumbo linawaka moto, shingo imekaza. Mke wangu anasema hata sauti yangu imebadilika, mtoto akidondosha kikombe nafoka. Zahanati walinipima presha ikasoma 148 kwa 94, nikaambiwa nipunguze mawazo.

Mpwa wangu anayesoma Dar ananisihi nijaribu meditesheni, yaani nikae kimya nisikilize pumzi yangu. Naulizeni kwa moyo safi: kitabibu jambo hili lipo? Na mimi ni Muislamu, isije ikawa naingia kwenye ibada ya watu wengine.

BibiMuuguzi_Lindi

Pole sana mwanangu. Nimefanya uuguzi hapa Lindi mpaka kustaafu, na watu wa hali yako nimewapokea wengi. Kila nikisikia mgonjwa ameambiwa "punguza mawazo" kisha akafunguliwa mlango aende, roho inaniuma. Mawazo hayapungui kwa kuamriwa. Ngoja nikueleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hofu yenyewe inashuka.

Ubongo ukiona hatari unatuma taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini, na kwa kuchelewa kidogo, kotisoli. Moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, misuli inakaza, usagaji wa chakula unapunguzwa kwanza. Umekutana na nyoka kwenye mikorosho? Mwili umekuandaa ukimbie, na nyoka akishaondoka kila kitu kinarudi mahali pake. Sasa wewe nyoka wako anabisha hodi kila alfajiri na haondoki mpaka msimu uishe. Kotisoli, ambayo kwa kawaida inatakiwa iwe chini usiku, inabaki juu. Ndiyo maana unashtuka saa tisa. Shingo yako, presha yako, hasira zako kwa mtoto, vyote vinatoka chemchemi moja. Ukikaa hivyo muda mrefu hata kinga inalegea, kidonda kinachelewa kupona.

Tumbo nalo. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa Montreal kule Kanada, alieleza alivyowatesa panya kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha, kwa kuwachosha. Njia zilitofautiana lakini ndani ya miili yao aliona mambo yaleyale: tezi za juu ya figo zimevimba na tumbo limetoka vidonda. Lakini usikimbilie kusema tumbo lako ni mawazo tu. Vidonda vingi vya tumbo vya binadamu vinaletwa na bakteria, na hao wanatibiwa kwa dawa. Nenda ukapimwe.

Kuhusu hiyo meditesheni, kitabibu ipo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu sugu ambayo madaktari walikuwa wameshindwa kuyamaliza. Asili ya zoezi ni kwa Wabudha, sikufichi, ila yeye alichukua zoezi la kuelekeza akili akaacha ibada. Mafunzo yanachukua wiki 8. Mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi: nusu walipewa mafunzo hayo, nusu dawa ya escitalopram inayotumika sana kwa ugonjwa huo. Baada ya wiki 8 nafuu ya makundi yote mawili ilikuwa inakaribiana. Mimi niliyegawa vidonge maisha yangu yote, hilo lilinikalisha chini.

Linafanywa hivi. Kaa kwenye kiti au jamvi, mgongo wima bila kujikaza. Macho fumba au tazama chini. Sikia pumzi inavyoingia puani na tumbo linavyoinuka. Usiilazimishe. Muda si muda akili itakwenda kwenye mizani, kwenye yule mzee wa alfajiri, kwenye mnada wa kesho. Hapo wengi wanasema "mimi siwezi" wanainuka. Kumbe zoezi lenyewe ndilo hilo! Ukigundua akili imekwenda, unaikubali kwamba imekwenda, unairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza. Itakwenda tena, utairudisha tena. Kinachokomaa ni huko kurudisha, na ndiko kutakakokusaidia mtoto akidondosha kikombe: utaiona hasira inapanda kabla haijafika mdomoni. Anza na dakika 5, ukizoea ongeza mpaka 10 au 20.

Ukishtuka usiku, toa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi ndefu ya kutoka inaamsha neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na mapigo yanapungua.

Presha yako usiiache. Kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu na daktari lazima aishughulikie. Kupumua hakuchukui nafasi ya dawa.

UstadhiMikindani

Assalaam alaykum ndugu yangu karani. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mikindani. Ulivyoeleza mama muuguzi, mtu akikaa akasikiliza pumzi yake bila kutamka maneno ya dini nyingine wala kuelekea sanamu, mimi sioni ibada hapo. Ni kama mazoezi ya viungo. Nitakachokuongezea ni hiki: sisi tunadaiwa khushuu, moyo uhudhurie kwenye swala. Ni wangapi tunaotoa salamu tukiwa hatukumbuki tumesoma sura gani? Ukijizoeza kuirudisha akili, irudishe na kwenye swala yako. Baada ya alfajiri usiinuke haraka, leta uradi wako taratibu, ndipo uwafungulie wakulima. Ila usivichanganye. Uradi unamkumbuka Mola, zoezi la pumzi ni la afya. Kila kimoja kina nia yake.

BodaMsangamkuu

Shikamoo mama muuguzi, shikamoo ustadhi. Nawaheshimu ila nina neno. Mimi baba yangu ni mkulima wa korosho, najua upande wa pili wa hicho kidirisha. Kinachomuumiza karani ni fedha kuchelewa, na mkulima kinachomuumiza ni hichohicho. Sasa karani akijifunza kupumua vizuri, baba yangu atapata nini? Naogopa watu wa juu nao waseme tatizo la karani ni mawazo yake, si utaratibu. Kaka karani, bandika karatasi ukutani: mnada wa tarehe fulani, fedha imefika hatua gani. Baba akisoma hapo hana sababu ya kukugongea alfajiri. Na weka saa za kuonana na watu, mwenyekiti na bodi wazitangaze wao, si wewe peke yako.

BibiMuuguzi_Lindi

Marahaba mwanangu. Umesema kweli tupu na nakuunga mkono. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Walikuta meditesheni inapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, na hawakuona ushahidi kwamba inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Hakuna jaribio lililoonyesha inaharakisha malipo. Karatasi ya ukutani ni tiba pia, tena inawatibu wengi kwa mara moja. Karani, bandika karatasi na pumzi usiache.

Jambo jingine nililisahau. Wapo ambao wakikaa kimya, kumbukumbu za mambo mabaya waliyopitia zinawavamia. Ikikutokea, fumbua macho, simama, tembea ukisikia nyayo zinavyogusa ardhi. Na ukifika mahali pa kuona maisha hayana maana, usikae nalo. Mwambie mkeo siku hiyohiyo, mwende hospitali.

KaraniTandahimba

Shikamoo mama, na ninyi nyote nawashukuru kutoka moyoni. Kijana wa Msangamkuu, ya karatasi nimeshamwambia mwenyekiti, amekubali, tunaanza na mnada ujao. Tumbo na presha nakwenda kupimwa Newala. Mama, swali la mwisho: mchana foleni ikiwa imejaa na mtu ananipigia kelele dirishani, nafanyaje? Siwezi kufumba macho mbele yake.

BibiMuuguzi_Lindi

Marahaba. Usifumbe, atadhani unamdharau. Mwangalie usoni. Sikia miguu yako yote miwili ilivyokanyaga sakafu, toa pumzi moja ndefu, mwache amalize. Kisha mjibu kwa jina lake, umwonyeshe kwenye karatasi fedha yake imefika wapi.