Ulinganisho: Kipindi cha mbali na makumbusho ya sayansi. Upasuaji wa goti, jicho la ng'ombe au dinosaria?

Bios_Moro
Habari za jioni walimu. Mkuu wa shule amekubali tulipie kipindi kimoja cha mtandaoni na makumbusho ya sayansi. Nazungumzia vile vipindi ambavyo mwelimishaji wa makumbusho anakuwa hewani moja kwa moja, watoto wanauliza naye anajibu, si video iliyorekodiwa. Nimechuja nimebaki na vitatu:

1. Kutazama upasuaji wa kubadilisha goti, aina ile ya makumbusho ya COSI, Columbus, Ohio, Marekani.
2. Kupasua jicho la ng'ombe, mwelimishaji anaongoza na watoto wanapasua la kwao.
3. Dinosaria na visukuku, Royal Tyrrell Museum, Drumheller, Canada.

Natakiwa kulipa wiki ijayo. Nichukue kipi?

FundiSauti
Mwalimu, hatuwezi kukushauri kwa haya uliyoandika. Watoto wangapi? Kidato gani? Bweni au kutwa? Mtandao ni fiba au ruta ya laini ya simu? Umeme ukikatika mna nini? Hicho cha jicho ni cha makumbusho ya nchi gani? Na kubwa kuliko yote, kipindi ni saa ngapi kwa saa zao?

FizikiaKwanza
Kabla hujalipa hata senti, angalia CERN, maabara ya utafiti wa chembe ndogo iliyoko Geneva. Ziara za mtandaoni za ATLAS, mtambo wao wa kunasa chembe zinapogongana, ni za bure na zimekuwepo tangu 2010. Unaomba tarehe, mtafiti anakupokea, anawaonyesha chumba cha kuongozea mitambo na mara nyingine mtambo wenyewe ulioko karibu mita 100 chini ya ardhi. Urefu wake mita 46, kimo mita 25, uzito tani 7,000. Mtoto anamuuliza mtu anayefanya kazi pale, si mtu aliyekariri maelezo. Tena Geneva iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo kipindi kinaingia ndani ya ratiba ya shule.

Mama_Maabara
Namba 2, vifaa vinatoka wapi? Wakikwambia bei ni pamoja na boksi la vifaa, uliza kama boksi hilo linatoka nje ya nchi yao. Viungo vya wanyama vilivyohifadhiwa kwa dawa havipiti mpakani kama barua. Ukikubali bila kuuliza utalipia boksi ambalo halitafika.

Bios_Moro
Samahani, nilikuwa na haraka. Ni Kidato cha Pili, wanafunzi 68, shule ya kutwa. Mtandao ni ruta ya 4G, nilipima saa nne asubuhi nikapata Mbps 9 kushusha na 1.4 kupandisha. Projekta ni ya lumeni 3,000, kompyuta moja, spika mbili za muziki. Hatuna jenereta. Cha jicho ni cha makumbusho moja ya Uingereza, wanasema saa 9:00 asubuhi yao, Jumanne inayofuata Jumapili ya mwisho ya Machi. COSI nafikiria saa 10:00 asubuhi yao. Drumheller 9:00 asubuhi.

FundiSauti
Sasa tunaongea. Tuanze na saa, maana ndizo zinazokata shauri kabla ya sayansi.

Columbus, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, iko nyuma yetu kwa saa 7. Miezi mingine ni saa 8. Saa nne asubuhi yao ni saa kumi na moja jioni kwako, au saa kumi na mbili kabisa. Drumheller iko nyuma zaidi ya Columbus kwa saa mbili: saa tatu asubuhi yao ni saa kumi na mbili jioni kwako, na kipindi cha baridi ni saa moja usiku. Shule ya kutwa, watoto 68, nani atawarudisha nyumbani usiku? Uingereza saa tatu asubuhi ni saa tano au saa sita mchana kwako. Hicho peke yake kinaingia ndani ya siku ya shule.

Idadi nayo. Vipindi vingi vya namna hii hupangwa kwa darasa moja la watoto 30 hadi 35. Waandikie idadi kamili kabla ya kulipa. Ukiingiza 68 bila kusema, mwelimishaji anakuta vichwa vimejaa skrini, hasikii anayeuliza, mwisho anaacha kuuliza na kuanza kuhutubia. Hapo umelipia hotuba.

Mwl_Kilifi
Naunga mkono kuhusu saa, na nieleze kwa kirefu jinsi kipindi kinavyopotea, kwa sababu kilipotea kizima mbele ya darasa langu la watoto 40.

Kuagiza kulifanyika Februari na makumbusho moja ya Marekani, mashariki. Barua pepe ya uthibitisho iliandika "10:00 AM" bila kitu kingine. Februari tofauti ni saa 8, kwa hiyo hesabu ikatoka saa kumi na mbili jioni, ikaandikwa ubaoni, wazazi wakaambiwa. Tarehe ya kipindi ilikuwa wiki ya tatu ya Machi. Katikati, Wamarekani walisogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi. Saa nne yao ikawa saa kumi na moja yetu. Mwelimishaji akafungua chumba, akangoja dakika 20 kama kanuni yao inavyosema, akafunga. Sisi tukaingia saa kumi na mbili kasoro dakika tano tukakuta ukumbi mtupu. Masharti yalisema asiyetokea hulipa kamili, na tulilipa.

Kosa halikuwa la hesabu, lilikuwa la kuihesabu mara moja na kuiamini. Tangu hapo utaratibu ni huu: barua ya kuagiza inaandika saa ya kwao, saa ya UTC (saa ya kimataifa isiyosogezwa) na saa ya Afrika Mashariki, zote tatu, na makumbusho yanajibu kwa kuzirudia zote tatu. Siku saba kabla, unaandika tena. Na kwenye tangazo la wazazi, andika "saa kumi na moja jioni" kwa maneno. Ukiandika 17:00 kuna atakayesoma saa saba, ukiandika 11:00 kuna atakayekuja asubuhi.

Mwalimu wa Moro, angalia tarehe yako vizuri. Uingereza wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi. Kipindi chako ni Jumanne inayofuata. Kabla ya Jumapili ile, 9:00 yao ni saa sita mchana. Baada yake ni saa tano asubuhi. Uko kwenye mtego uleule.

Bios_Moro
Asante sana mwalimu. Nilikuwa nimeandika saa sita kwenye ratiba. Nimeifuta sasa hivi.

FizikiaKwanza
Na bado mnazungumza kulipa wakati CERN ni bure.

Mwl_Kilifi
Bure ni kweli, lakini Kidato cha Pili watauliza nini kuhusu chembe za Higgs? Mtafiti akianza na protoni mbili kugongana, watoto watakaa kimya kwa heshima dakika 40. Hiyo wape wa Kidato cha Nne au cha Tano.

FizikiaKwanza
Wataanza na muundo wa atomu, wameshausoma. LHC, ile pete ya chini ya ardhi ambamo ATLAS imewekwa, ina duara la kilomita 27, na haihitaji mlinganyo ili mtoto aulize kwa nini imejengwa kubwa hivyo, kwa nini sumaku zake zinapozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Maswali mazuri niliyoyasikia kwenye ziara hizi yametoka kwa wadogo.

Mama_Maabara
Turudi kwenye jicho, maana hapo mtoto anashika kitu kwa mkono wake.

Watoto 68 ukiwaweka wanne wanne ni makundi 17. Macho 17 ni vichwa tisa vya ng'ombe, linabaki moja la akiba. Ongea na wauza vichwa siku tatu kabla, na uchukue kwenye machinjio yenye mkaguzi wa nyama, si kwa ng'ombe aliyekufa mwenyewe kijijini. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya kimeta. Yatolewe alfajiri ya siku hiyo, yaingie kwenye ndoo yenye barafu, lakini yafungwe kwenye nailoni yasiguse barafu. Usiyagandishe kwenye friza. Lenzi iliyoganda huwa na ukungu, na hapo unapoteza jambo zuri kuliko yote: lenzi mbichi ukiilaza juu ya gazeti, herufi zinaonekana kubwa kupitia kwake.

Hatua: punguza mafuta na misuli kwa mkasi, bakiza ile neva nene ya nyuma. Toboa kwa ncha ya wembe kwenye weupe, katikati ya konea (kioo cha mbele cha jicho) na neva, halafu zungusha kwa mkasi hadi jicho ligawanyike mbele na nyuma. Wembe ukiukandamiza, jicho linateleza na maji yanaruka usoni. Wavae miwani, au basi wakae kando ya mkono unaokata. Nusu ya nyuma ina retina, utando mwepesi unaovutika wote ukabaki umeshikilia sehemu moja tu. Sehemu hiyo ndiyo doa pofu. Chini yake utaona rangi ya bluu na kijani inayong'aa. Ng'ombe analo tabaka hilo, binadamu hana, ndiyo maana macho ya ng'ombe hung'aa usiku yakimulikwa na tochi.

Makundi 17 yanahitaji nyembe 17 zenye mpini, mikasi 17, trei au sahani za bati, glavu jozi 34 kwa wale wawili wanaoshika, na walimu wanne wa kuzunguka. Ukiwa na walimu wawili, gawa darasa mara mbili.

Na kama makumbusho yatakubadilishia jicho kwa moyo, uliza ni moyo wa mnyama gani. Mara nyingi ni wa nguruwe, na darasa lenye watoto Waislamu haliwezi. Wa mbuzi au kondoo unafaa, vyumba ni vinne vilevile.

Lindi_Kwetu
Nauliza kwa uchungu: mnawalipia watoto wa Tanzania kutazama dinosaria wa Alberta, huko Drumheller? Tendaguru iko Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, wakasomba mifupa tani kwa tani, wapagazi wakiibeba kwa miguu hadi bandarini. Mifupa ya dinosaria Giraffatitan imesimama Museum für Naturkunde, Berlin, kimo kinazidi mita 13. Kama ni kipindi cha visukuku, andikieni Berlin muombe wawaonyeshe watoto kilichotoka kwao.

Mwl_Kilifi
Ndugu yangu, hoja yako naikubali, ila Drumheller wana faida moja ya kufundishia: wanafanya kazi palepale kwenye miamba yenye mifupa, kwa hiyo kipindi kinaonyesha jinsi mfupa unavyotolewa kwenye mwamba, si mfupa uliokwisha simamishwa.

Lindi_Kwetu
Tendaguru nako kuna miamba. Haijahama.

FundiSauti
Mwalimu wa Moro, sauti. Spika za muziki na maiki ya kompyuta haviendi pamoja. Maiki inachukua sauti ya spika, inairudisha Uingereza, mwelimishaji anajisikia mwenyewe. Weka spika mbele zikiwatazama watoto, maiki ya USB ya mezani katikati, nyuma ya mstari wa spika. Anayeuliza aje kwenye maiki, asipige kelele kutoka kiti cha nyuma. Simu ya mwalimu yeyote isiingie kwenye kipindi hicho ikiwa na sauti, hata moja. Na sauti inachelewa kidogo kwenda na kurudi, kwa hiyo mfundishe mtoto aulize, ahesabu moja, mbili, tatu, asirudie swali.

Mtandao wako: Zoom wanataka karibu Mbps 2.6 kupandisha na 1.8 kushusha kwa picha kali (HD) ya 720p ya kundi. Kupandisha kwako 1.4 hakufiki, lakini picha ya kawaida inahitaji karibu 1.0 tu. Zima HD kwenye mipangilio. Kamera ya watoto iwashwe wakati wa kuuliza na kuonyesha jicho, basi. Bando weka GB 3 kwa saa moja. Ila ulipima saa nne asubuhi, kipindi ni saa tano. Pima Jumanne mbili mfululizo saa tano, ndipo uamini.

Umeme ukikatika utategemea betri na inveta: projekta wati 250, kompyuta 60, ruta 10, jumla 320. Inveta inapoteza kiasi, hesabu 375. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani Wh (wati-saa) 600. Unapata kama saa moja na nusu.

FizikiaKwanza
Kwa nini kila mtu amekimbia upasuaji? Liberty Science Center ya Jersey City wamekuwa wakirusha upasuaji wa moyo kwa wanafunzi tangu 1998. Na kwenye ule wa goti, mtoto anayetaka udaktari akiona msumeno unakata ncha ya fupaja na kifuniko cha metali kikivishwa juu yake, hasahau.

Mama_Maabara
Hasahau, lakini pia anazimia. Wakae, wasisimame, wawe wamekula. Mwezi wa Ramadhani msiufanye jioni kabla ya futari. Akizimia, mlaze chali umwinue miguu, usimkalishe kitini. Na ratiba ya chumba cha upasuaji haimsubiri mwalimu, mgonjwa akicheleweshwa nawe unachelewa.

Mwl_Kilifi
Kuna lugha pia. Uliza kama wanakubali orodha ya maswali mapema, na uwape watoto maneno 20 siku moja kabla: konea, lenzi, neva na mengine, Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega. Mwelimishaji aombwe asimame kila dakika tano.

Lindi_Kwetu
Au mwalimu mwenyewe atafsiri. Sioni kosa mtoto kuuliza kwa Kiswahili.

Mwl_Kilifi
Muda unagawanyika nusu. Kipindi cha dakika 45 kinakuwa cha 22.

Lindi_Kwetu
Dakika 22 anazozielewa zinazidi 45 anazozitazama.

Bios_Moro
Nimewaandikia Uingereza kuhusu idadi ya 68. Wamejibu mwisho 35, cha pili kinalipiwa kivyake. Mkuu wa shule amekubali kimoja tu. Betri tunayo ya Ah 75 iliyotolewa kwenye gari la shule mwaka jana. Itatosha?

FundiSauti
Ya gari ni ya kuwashia injini, si ya kutumika polepole, na ina mwaka nje ya gari. Ichaji usiku kucha, iache kwa muda wa saa sita bila kitu, kisha pima volti. Ukipata chini ya 12.4 usiitegemee. Tuambie namba.

Mama_Maabara
Na hao 33 wanaobaki wafanyeje? Macho nunua yote 17. Kundi la pili wapasue mchana na mwalimu wao wenyewe, siku hiyohiyo, kabla hayajalainika.